Kaburi la babu yake baba

Mukono, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Jana nililipata kaburi la babu yake baba, na sikutaka usiku mwingine upite kabla sijakuandikia.

Wajua sisi Baganda huzikana katika ardhi ya ukoo, na ndiyo sababu miaka yote nilikuwa nikiulizia huko, nikajibiwa kwamba hayumo. Shangazi ndiye aliyenikumbusha kwamba mzee alitokea mwambao wa Ziwa Viktoria. Malale yalipoua watu zaidi ya 200,000 pande zile mwanzoni mwa karne iliyopita, Hesketh Bell, mtawala Mwingereza wa Uganda, aliamuru, kuanzia mwaka 1906, watu wahamishwe mbali na ziwa ili mbung'o wasiwafikie, nao wakayaacha hata makaburi ya wazee wao. Mtu aliyefika ugenini hana kiwanja cha ukoo, akawa mwalimu wa kanisa, angezikwa wapi kama si nyuma ya kanisa lenyewe?

Jiwe lilikuwa chini ya mwembe, nusu limezama. Tuliling'olea nyasi kwa mkono na kuliosha kwa maji na brashi laini, kwa maana saruji ya zamani ikiguswa na panga, herufi hubanduka. Yalisomeka maneno mawili tu: Yusufu, Ssalongo. Ndugu yangu, machozi yalinitoka. Yusufu ni maandishi ya Waanglikana, kwani Wakatoliki wa kwetu huandika Yozefu; na Ssalongo ni baba wa mapacha, naye bibi alituambia daima kwamba mapacha Waswa na Kato walikuwa wanawe wa kwanza. Mchungaji alitufungulia daftari la ubatizo, na humo tukaukuta ukoo wetu umeandikwa kando ya jina lake.

Utakapolitafuta kaburi la nyanya yako, usifuate jina la baba yako. Kwetu ndugu wa tumbo moja huwa na majina tofauti, kila moja likitoka katika hazina ya ukoo, kwa hiyo anza na ukoo, kisha jina la ubatizo, ndipo uende makaburini.

Jumamosi ijayo tunarudi na shangazi kulinyanyua jiwe. Nakuomba uje; mzee hajatembelewa na wajukuu wengi.

Wako daima.