Barua kwa mwanangu: Susana na wale wazee wawili

Mwanangu Neema,

Picha uliyonitumia kutoka kwenye jumba la makumbusho huko Vienna imefika. Unauliza mbona wametundika kwa heshima mwanamke anayeoga huku babu wawili wanamchungulia. Baba yako alipoiona aliigeuza simu kifudifudi mezani. Mimi nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba kisa hicho huwezi kukijua. Biblia uliyoondoka nayo, Danieli yake inaishia sura ya 12. Susana yumo sura ya 13, katika Biblia ya Wakatoliki, na mimi kabla sijaolewa huku kwa Walutheri nilikuwa namsikia kila Kwaresima, Jumatatu ya juma la tano.

Alikuwa mke wa Yoakimu, tajiri wa Kiyahudi huko Babeli. Wazee wale hawakuwa wapita njia. Walikuwa waamuzi, na kesi za watu walizisikiliza humo humo nyumbani kwake. Siku moja ya joto wakajificha bustanini. Wajakazi walipotoka wakamtokea: lala nasi, la sivyo tutasema tumekukuta na kijana. Akapiga kelele. Kesho yake wakatoa ushahidi wao na watu wakamhukumu afe, maana nani angebisha neno la wazee? Ndipo Danieli, bado kijana mdogo, akapinga. Akawatenganisha, akamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Wa kwanza akataja mti wake, wa pili akataja mwaloni. Wakauawa wao.

Sasa tazama Tintoretto, aliyechora picha yako mnamo 1555, amechagua wapi pa kusimama. Kelele hakuzitaka, baraza hakulitaka, mti hakuutaka. Kachukua kuoga: kioo, lulu, chanuo, ua wa mawaridi, na upara wa mzee ukitokeza huku chini. Susana hana habari. Wachoraji wa enzi zile walikipenda mno kisa hiki, na sidhani ni kwa ajili ya Danieli. Ukishaiita picha kwa jina la Biblia, unaitundika sebuleni bila haya. Kwa hiyo aibu iliyokupata si ushamba, mwanangu. Umewekwa pamoja na wachunguliaji, wewe wa tatu.

Mtafute Artemisia Gentileschi, mchoraji mwanamke wa Roma. Susana wake, wa 1610, yuko Pommersfelden, Ujerumani. Alimchora akiwa na miaka 17 hivi. Hapo hamna bustani wala kioo. Ni benchi la jiwe, ukuta, na wazee wameulalia ule ukuta wakinong'onezana, naye amejipinda, mikono juu, anawakinga. Mwaka uliofuata Agostino Tassi, mchoraji mwenzake na baba yake, alimbaka Artemisia. Katika kesi ya 1612 aliyebanwa vidole kwa kamba ili ithibitike kwamba hasemi uongo alikuwa Artemisia, si Tassi. Akarudia tu kwamba ni kweli. Tassi alitiwa hatiani, akaamriwa aondoke Roma, na amri haikutekelezwa.

Wengine husema picha ile ilizaliwa na mkasa huo. Miaka inakataa, picha ilitangulia. Binti wa miaka 17 alikuwa ameshajua Susana anajisikiaje, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kesi yenyewe.

Ukirudi pale, kiangalie vizuri kile kioo uniambie kinaonyesha nini. Kwenye simu sioni. Baba yako anasalimu, anauliza kama umeshapata koti.

Mama yako