Nyuso za wachezaji wetu zionekane kwenye majalada

Mhariri,

Mimi ni mpangaji kurasa, mzaliwa wa Bombo, na riziki yangu naipata Nasser Road hapa Kampala, mtaa wa wapiga chapa. Mezani kwangu hupita kalenda, kadi za harusi, mabango ya wagombea, na majarida ya mashabiki wa mpira. Nawaandikia juu ya hayo majarida, hasa majalada yake, kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu Uganda, Kenya na Tanzania, na kuna kasoro moja inayoniuma ambayo tunaweza kuiondoa mapema.

Mtu akiniletea jarida la mashabiki wa klabu ya hapa, mara nyingi hata hajakaa anasema: "Mbele weka mtu wa Arsenal au Manchester United, la sivyo halitoki." Kurasa za ndani zote ni za klabu yake, lakini jaladani anataka mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wetu wa Wankulukuku. Sababu ni ileile kila siku, eti sura za hapa haziuzi. Mimi nasema sura za hapa hazijapewa nafasi ya kuonekana.

Jalada hupangwa kufuatana na mahali linapouzwa. Uingereza majarida hukaa kwenye rafu yakiwa yamepandiana, ukingo wa kushoto ndio unaobaki wazi, kwa hiyo jina na maneno mazito huegemea huko. Shoot, lililoanza mwaka 1969, liliwavuta watoto kwa ngazi za ligi za kadibodi, za kupangia timu kwa nafasi zake, kila msimu ulipoanza. When Saturday Comes, la mashabiki wenyewe, tangu 1986 limejulikana kwa picha moja yenye maneno ya utani yakimtoka mhusika mdomoni. Hayo ni ya kwao na yanawafaa. Hapa muuzaji hulishika jarida mkononi na kulisogeza kwenye dirisha la taksi, jamu ikiwa imekaza Jinja Road, na vidole vyake hufunika sehemu ya chini. Basi kila cha maana nakiweka theluthi ya juu: jina, macho ya mchezaji, mstari mmoja wa maneno. Mistari mitano hakuna atakayeimaliza kabla gari halijaondoka.

Rangi nazo zina wenyewe. Buluu ni ya klabu ya Villa, nyekundu ya Express, manjano ya KCCA. Ukimwekea shabiki wa Villa herufi nyekundu umemvunjia heshima, hata kama nyekundu ndiyo inayowahi kuvuta jicho.

Tatizo hasa ni uso. Picha ya nyota wa Ulaya inanifikia ikiwa kubwa na safi, imepigwa kwa lenzi ndefu chini ya taa zilizopangwa kwa ajili ya televisheni. (Mara nyingi imechotwa mtandaoni bila ruhusa ya mwenyewe, na hilo si haki.) Ya mchezaji wetu inakuja kwa WhatsApp, imeshabanwa, imepigwa saa saba mchana jua likiwa utosini: paji linameta, macho yamezama kivulini. Uchapaji nao unazidisha. Mashine huijenga ngozi nyeusi kwa kurundika wino za rangi nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na karatasi isiyong'aa hunywa wino huo ukatanuka. Kope, mashavu, kovu la utotoni, vyote vinamezwa. Inabaki jezi yenye doa jeusi juu yake. Huyo ni kijana wa watu, ana wazazi wanaosubiri kumwona, na tumemfuta.

Dawa ipo. Kwenye kompyuta naanza kwa kuongeza mwanga wa mashavu na kuzunguka macho, nywele naziacha na weusi wake. Halafu napunguza samawati kwenye ngozi, maana ndiyo inayoipausha, na majenta na manjano zinaipa uhai. Nikijumlisha wino zote nne pale penye giza zaidi, kwa karatasi ya namna ile sipendi zizidi asilimia 240. Karatasi za kwanza zikianza kutoka nasimama na fundi wa mashine na kumwomba abane nyeusi. Nilimfanyia hivyo kipa mmoja wa ligi yetu, mpaka jasho likaonekana juu ya mdomo wake, na uzi uliofumuka kwenye glavu. Vijana wanaobeba maboksi nje waliingia wakasimama mezani, wakamtaja jina, wakabishana anatoka mtaa gani. Kwa picha za Ulaya sijawaona wakisimama hivyo.

Wanaosema sura za hapa haziuzi wakumbuke Agosti 2025. Mashindano ya CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, na watu walijaa uwanja wa Namboole hadi robo fainali tulipofungwa na Senegal 1-0. Wamkumbuke pia kipa wetu Denis Onyango, mchezaji bora wa mwaka 2016 kati ya wanaocheza barani Afrika. Philip Omondi na Majid Musisi, nyota wetu wa zamani, vijana ninaofanya nao kazi wanawajua kwa majina tu, kwa kuwa picha zao zinazoletwa kwetu ni vivuli vitupu. Sitaki wa sasa waishie hivyo.

Ombi langu kwa klabu ni dogo. Ligi ikikaribia kuanza, tengeni asubuhi moja. Mchezaji asimame chini ya kivuli cha jukwaa, akiwa na jezi mpya, atazame lenzi, na mwenzake ashike shuka jeupe mbele yake ili lirudishe mwanga usoni. Picha ziletwe kwa flashi diski kama zilivyotoka kwenye kamera. Nanyi wahariri wa michezo, mlipeni mpiga picha kabla ya kumlipa mtu wa kutafuta picha mtandaoni.

Klabu yoyote ya Kampala au Bombo ikiwa tayari, nitakuja Jumamosi kuwaonyesha wapiga picha wake namna ya kufanya, na sitadai hata nauli.

Mpangaji kurasa,
Nasser Road, Kampala