Kabla ya kununua kaunta ya jikoni, idondoshee mawese

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Kigoma wanaojenga au kukarabati jiko. Mimi ni fundi wa vigae na wa tarazo, ile saruji yenye kokoto inayosagwa mpaka ing'ae, na kazi zangu ziko Ujiji, Mwanga, Gungu, mpaka Bangwe. Siku hizi mteja akiniita, kabla hata sijatoa futi mfukoni, anafungua simu na kunionyesha jiko jeupe pe: kaunta nyeupe, ukuta mweupe, makabati meupe. "Fundi, nataka hivi hivi." Nami humuuliza swali moja kabla ya kukubali kazi: hapa nyumbani mnapika nini?

Kwetu jibu linajulikana. Migebuka, dagaa, sombe (kisamvu), maharage, karibu vyote vinapitia kwenye mawese. Kwa maoni yangu, mawese ndiyo yanayopaswa kuamua rangi ya kaunta Kigoma, hata kabla ya bei. Ule wekundu wake unatokana na karotini, kama ile iliyomo kwenye karoti, nayo haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ukifuta tone la mawese kwa kitambaa cha maji matupu unalitandaza tu, na likikuta kitu chenye vinyweleo linazama humo.

Kuna mama mmoja wa Gungu aliniita nikaangalie jiko lake, vigae vyeupe, vimepangwa vizuri na fundi aliyenitangulia. Vigae vyenyewe vilikuwa safi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye groti. Ile mistari kati ya kigae na kigae, kuanzia kwenye jiko la gesi hadi ukingo wa sinki, ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa, na imekolea zaidi pale anapolaza mwiko. Alikwishaisugua kwa jiki, kwa sabuni ya unga, kwa mswaki wa zamani. "Fundi, kwani hii rangi haitoki?" Nikamwambia, mama, ya juu itapungua, lakini iliyozama imezama. Bakuli la plastiki likishika mawese unalianika juani na wekundu unafifia, kwa sababu jua huivunja ile karotini. Kaunta haianikwi. Tukakwangua groti yote na kujaza ya kijivu, kazi ya kutwa nzima yenye vumbi na gharama, wakati siku ya kwanza ilikuwa ni kuchagua mfuko wa rangi nyingine tu pale dukani. Ipo pia groti ya epoksi, ambayo hainywi mafuta. Bei yake ni kubwa, lakini kwa ule upande wa jiko tu, mwenye uwezo asisite.

Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia nyeusi tii. Nyeusi inayong'aa inaonyesha kila unga wa muhogo uliomwagika, kila jivu la mkaa, kila tone la maji ya sabuni lililokaukia. Tena majiko yetu mengi yana dirisha moja dogo. Umeme ukikatika saa moja na nusu jioni, unakatakata vitunguu gizani. Rangi ninazozipendekeza ni za katikati zenye madoadoa: kijivu, kahawia, manjano iliyofifia iliyochanganyika na nyeusi. Madoadoa yanakupa muda wa kumaliza kula kabla ya kuja kufuta.

Sasa mawe. Jiwe la marumaru asilia linavutia, lakini kemia yake ni ya chokaa. Ndimu, siki, ukwaju, hata maji ya nyanya, vyote vinalila. Ukikamulia migebuka ndimu juu ya marumaru inayong'aa, utaona alama iliyofifia ambayo hakuna sabuni itakayoitoa, kwa sababu si uchafu, ni jiwe lenyewe limelika, na dawa yake ni kulisugua upya kwa mashine. Granaiti ni habari nyingine. Ni ngumu kuliko marumaru, haijali ndimu wala sufuria ya moto. Ila ile nyeupe nyeupe hunywa mafuta kama haijapakwa dawa ya kuziba vinyweleo, na dawa hiyo inarudiwa kila baada ya muda. Muwe macho pia na mawe meusi yanayouzwa kwa jina la granaiti wakati siyo. Kata ndimu, dondosha tone, subiri dakika kumi na tano, futa. Ukiona pamefifia, rudisha pesa mfukoni.

Halafu granaiti inatufikia kutoka mbali. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na bamba lililokwisha kukatwa tundu la sinki lina ukanda mwembamba mbele na nyuma ambao ndio unaovunjika njiani. Agizeni bamba zima, tundu likatwe hapa hapa nyumbani.

Kuhusu yale mabamba ya kwatzi ya kiwandani, ambayo ndiyo hasa yaliyomo kwenye picha nyingi za majiko meupe, kuna jambo linaniuma kidogo. Yanatengenezwa kwa chembe za kwatzi, mara nyingi asilimia 90 hivi, zikigandishwa kwa gundi. Hayanywi mafuta, hilo ni kweli. Lakini ile gundi haipendi moto: ukitua sufuria iliyotoka kwenye mkaa unaweza kupata doa lisilofutika. Na kubwa kuliko hilo ni vumbi. Kwatzi ni silika, madini yale yale ya mchanga, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu linaleta silikosisi, ugonjwa usioponyeka. Australia walipiga marufuku mabamba hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi wake waliokuwa wakiugua. Vijana wetu nawaona wakiyakata kwa grainda, makavu, kitambaa kimefungwa puani. Kitambaa hakizuii vumbi lile. Hata granaiti na zege vina silika. Kateni kwa maji, vaeni barakoa za kazi zinazobana uso, na mteja anayeona fundi anakata jiwe kavu ndani ya nyumba yake amsimamishe, maana vumbi hilo linabaki kwenye nyumba wanamocheza watoto.

Mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, zilizobandikwa karatasi ya plastiki nitazipitia haraka: maji yakishapenya pembeni mwa sinki, zinavimba, na zikivimba hazirudi. Kama unataka mbao, tafuta mninga uliokauka sawasawa, tupate faida ya kuwa jirani na misitu ya Tabora. Mninga hausinyai wala kujikunja ovyo. Uweke sehemu kavu, pale pa kukandia unga au kupangia sahani, usiuweke kwenye sinki.

Ninachokiombea zaidi ni tarazo, na sikiombei kwa sababu ndiyo riziki yangu tu. Tarazo inatengenezwa hapo hapo jikoni kwako, kwa vipimo vya ukuta wako hata kama umepinda, haina mistari ya groti ya kunywa mawese, na rangi unaichagua mwenyewe. Kwanza unamwaga zege la inchi tatu lenye nondo, juu yake tabaka la saruji na kokoto za tarazo, mimi natumia ndoo moja ya saruji kwa mbili za kokoto. Saruji ya kawaida inakupa kijivu, nyeupe ikitiwa rangi ya unga inakupa kahawia au njano. Unaimwagilia maji siku kadhaa ikomae, unasaga kwa jiwe la mkwaruzo, unaziba vitundu kwa uji wa saruji, unasaga tena kwa jiwe laini, mwisho nta. Utaona kokoto zinaanza kutokea chini ya mashine moja moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu, na hapo ndipo wateja hutoka nje kuita majirani. Ndimu inaila tarazo pia, lazima niseme hivyo, basi kata ndimu juu ya ubao. Tofauti ni kwamba ikichakaa inasagwa tena juu juu na inarudi, bila kuagiza kitu mbali. Wanaojua kuisaga wanapungua, na ningefurahi vyuo vyetu vya ufundi vikiipa nafasi ile ile inayopewa kazi ya vigae.

Wenye maduka nao nawaomba jambo moja. Vipande vinavyobaki mkishakata, wapeni wateja waende navyo nyumbani, hata kwa dhamana. Rangi haichaguliwi chini ya taa nyeupe ya dukani. Kwa sisi ambao jua linazama upande wa ziwa, jiko linalotazama magharibi huoga mwanga wa njano kila jioni, na kijivu cha dukani kinageuka kahawia. Mteja akiweke kipande dirishani, akitazame asubuhi na jioni. Usiku akidondoshee mawese upande mmoja na ndimu upande wa pili, akalale. Asubuhi akioshe kwa sabuni ya kawaida, kisha ndipo anipigie simu.

Fundi wa tarazo na vigae,
Ujiji, Kigoma