Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Futa usaili wa watoto wadogo

Mheshimiwa Waziri,

Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, na kuna miaka nilikuwa miongoni mwa walimu wanaosimamia usaili wa watoto wanaoomba nafasi. Siku moja aliletwa msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 5. Alipoketi, miguu yake haikufika sakafuni. Nikampa karatasi na penseli, nikamwambia aandike namba kuanzia 1 hadi 50. Alifika 12, ile 3 yake ikiwa imegeuka nyuma mbele, kisha akaiweka penseli chini na kuniuliza: "Mwalimu, yule ndege anabeba nyasi za nini?" Nilitazama dirishani, ndege alikuwepo kweli. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuandika swali lile. Nikajaza alama, alama hazikutosha, hakuchukuliwa.

Ombi langu ni moja tu. Piga marufuku usaili wa kusoma na kuandika kwa mtoto yeyote anayeingia chekechea au darasa la kwanza, iwe shule ya umma au ya binafsi.

Huenda likaonekana jambo dogo mbele ya madarasa yaliyofurika na upungufu wa walimu. Lakini usaili huu unavuta kila kitu kilicho chini yake. Shule ikidai mtoto wa miaka 5 aandike hadi 50, chekechea itamkalisha na daftari akiwa na miaka 4, na mzazi mwenye hofu atamshikisha penseli akiwa na 3. Nimeona simu imeegemezwa mbele ya mtoto asiyeweza hata kukaa mwenyewe, inamwimbia alfabeti, na mama yake akaniambia kwa fahari kwamba wameanza mapema. Sikumlaumu. Wa kulaumiwa ni sisi tuliomtisha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto ambaye bado hatambai alazwe kifudifudi akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku kwa jumla. Wazazi hucheka nikiwaambia kwamba hapo ndipo mwandiko unapoanza, lakini ndivyo ilivyo. Shingo na mabega hukaza kwanza, kisha mkono hupata pa kujishikiza, na vidole huja nyuma kabisa.

Na vidole vina ratiba yao. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akikaribia miaka 3, msalaba akiwa na 4, mraba baada ya hapo, na pembetatu akifika 5 hivi. Sasa itazame herufi K au namba 4: ni mistari ya mshazari inayokutana, yaani kazi ya pembetatu. Isitoshe, kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa yote huwa bado gegedu, na hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka kadhaa. Tunamwadhibu mtoto kwa mwandiko mbaya wakati mkono wenyewe haujamaliza kuumbwa.

Utaniuliza, basi utayari ni nini? Mimi humtambua mtoto aliye tayari kabla hajagusa kitabu. Anaweza kuachana na mzazi mlangoni, hata kama kwa machozi kidogo. Akitaka kwenda chooni anasema. Akisimuliwa hadithi anataka kujua kilichofuata, na akinyang'anywa kitu anatumia maneno kabla ya meno (si kila siku, tusidanganyane). Anajua kwamba kokoto tatu zikitawanywa bado ni tatu. Mtoto kama huyu akifundishwa herufi, nyingi atazishika ndani ya miezi michache. Yule aliyekaririshwa bila hayo, ninamrudisha mwanzo, safari hii akiwa ameshaichukia penseli.

Mambo hayo hujengwa kwa kuzungumza na mtoto tangu mchanga na kumjibu anapobwabwaja. Jamaika walilijaribu hili kwa uangalifu miaka ya 1980. Wahudumu wa afya wa jamii walikwenda mara moja kwa wiki, kwa miaka 2, kwenye nyumba za watoto waliodumaa wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Waliwaonyesha kina mama namna ya kucheza na kuongea na watoto wao, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, watoto wale walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa hivyo.

Wenye shule watakuambia nafasi ni chache, lazima wachuje. Sawa, wachague kwa bahati nasibu, au waangalie anayeishi karibu, au aliyetangulia kuomba. Bahati nasibu haimwambii mtoto kwamba yeye ni mjinga. Wazazi nao watalalamika kwamba tunawachelewesha watoto. Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, wala nchi ile haijawahi kusifika kwa watu wasiojua kusoma. Sisemi tuwafiche watoto herufi. Anayetaka kuandika jina lake akiwa na miaka 4, mpe chaki na sakafu nzima aandike. Ninachokataa ni kumfungia mlango asiyetaka bado.

Waraka wa ukurasa mmoja kutoka mezani kwako unatosha kuanza, na kabla hujausaini ninakukaribisha darasani kwangu. Njoo asubuhi, bila msafara, keti sakafuni. Watakuuliza maswali mengi. Ukijibu swali moja kwa kuwauliza jingine, utakuwa umeshaanza kufundisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa chekechea