Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Na sisi tuonjeshwe hiyo asali

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIZINGA 24, MABOMBA YA SIMTANKI, NA KUKU WA MLINZI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wa afya na kazi ya shirika lako ya kuhifadhi bayoanuai inaendelea vizuri huko ofisini. Sisi wa huku Amani, Usambara Mashariki, hatujambo. Mvua zinanyesha, msitu bado upo.

Jumanne iliyopita magari yenu mawili yalifika shuleni na wageni wanne. Taarifa hatukuwa nayo, lakini mgeni ni mgeni, tukasimamisha vipindi na watoto wa klabu ya mazingira wakaimba. Mpiga picha wenu akaomba ile mizinga sita iliyo nyuma ya stoo isogezwe kwenye mwanga. Katika mmoja alikuwamo kuku wa mlinzi wetu, ameatamia mayai tisa. Dereva wenu akamshika miguu akamtoa, mayai yakawekwa kwenye beseni, kijana wa darasa la sita akavishwa suti ya kulinia asali (ile moja tuliyonayo) na kuambiwa atabasamu. Picha imetoka nzuri, sikatai. Kuku hajarudi kwenye mayai yake mpaka leo.

Ijumaa picha ikawa imeshafika kwenye simu za watu. Chini yake mmeandika kwamba kaya 30 za kijiji chetu zinajipatia kipato kwa asali. Kijana mmoja wa hapa, yuko Dar es Salaam, akaiona na kumpigia baba yake kumuuliza mbona hajawahi kutumiwa hata chupa moja. Yule mzee hakukupigia wewe, Mkurugenzi. Namba yako hana. Alikuja kwangu saa mbili usiku na bakora yake, akakataa kiti, akaniuliza: “Mwalimu, asali yangu umeiweka wapi?”

Ndiyo maana naandika. Barua tatu nilizotuma kwa njia ya kawaida nadhani bado zinashughulikiwa.

Nikukumbushe, maana una vijiji vingi. Miaka mitatu iliyopita ulisimama kwenye uwanja wa shule ukatueleza kwamba maji ya vijito vyetu yanaingia Mto Zigi, na Zigi ndiyo inayonywesha Jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani. Ukatusomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwamba ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli itakayouharibu. Yote kweli. Watu wakauliza, sasa magimbi na iliki zilizoko kule bondeni? Ukasema atakayeachia ukingo atapata mzinga wa kisasa, atafundishwa kufuga nyuki, na atapewa miche ya pilipili manga na mdalasini kutoka kitalu cha shule, ambacho kitakuwa na simtanki la lita 5,000 na mabomba yake. Mizinga 30, kaya 30.

Kisha ukanigeukia mimi, mlezi wa klabu, ukaniomba nipite nyumba kwa nyumba niwaandikishe. Nilipita. Karatasi zote 30 zina saini yangu kama shahidi. Wazee wengine hawakusaini hadi waliponiona nasaini mimi. Juzi mmoja aliniambia kwamba wao shamba hawakumpa Mkurugenzi, walinipa mimi.

Na la kwangu limo humohumo. Mke wangu alikuwa na iliki kando ya kijito, ndiyo iliyomsomesha binti yetu mkubwa. Tuling'oa wa kwanza ili tuwe mfano. Iliki haipandwi leo ikavunwa kesho, ni miaka miwili mitatu unaiangalia tu. Sasa mdogo wake yuko kidato cha pili na nauli ya kurudi bweni naikopa dukani. Mke wangu halisemi hili. Akipita na ndoo akitoka kijitoni huwa anaangalia upande mwingine, basi.

Mizinga sita ilikuja, imepakwa rangi ya kijani ndani na nje, ina nembo za wafadhili watatu. Nta ya kuvutia nyuki haikuja, wala mkufunzi. Nyuki hasomi nembo, Mkurugenzi. Simtanki lilikuja, gata na mabomba bado yako njiani mwaka wa tatu huu. Watoto walijaza viriba 2,000 kwa mikono yao, wakawa wanamwagilia kwa ndoo kutoka bondeni, kiangazi kilipokaza miche ikafa karibu yote. Mizinga 24 sijui ilipotelea wapi. Wapo wanaosema mfadhili alibadilisha vipaumbele, wapo wanaosema fedha zililiwa kwenye warsha za Tanga mjini. Kijijini wengi wanasema nimekula mimi. Watoto huku mitaani wananiita Mwalimu Mizinga.

Sitaki uonekane hukufanya kitu. Kabla ya klabu, mtoto wa hapa akimwona kinyonga anaokota jiwe. Leo nina wanafunzi wanaosimamisha bodaboda ili kinyonga wa pembe tatu avuke, kisha wanamweleza dereva kwamba huyo makazi yake ni milima hii ya Usambara. Hilo mmelifanya, na vitabu vyenu vya picha vilisaidia sana. Lakini watoto haohao Jumanne walimwona mwenzao akivishwa suti kusimama mbele ya mzinga wa kuku, na Ijumaa wakasoma maelezo. Wanajua kusoma. Mmoja ameniuliza kama ule nao ni uhifadhi, nikamwambia achukue daftari tuendelee na hesabu.

Huku watu wana kumbukumbu ndefu. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti hapa Amani mwaka 1902. Kabla yao, mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliokota ua dogo la zambarau huku Usambara akampelekea baba yake Ujerumani, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina lake, Saintpaulia. Mwaka 1997 tukapata hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini. Wazee wameona wengi wakija na madaftari na kuondoka na majani. Wewe ulikuwa wa kwanza kuahidi kurudi na kitu, ndiyo maana walikusikiliza.

Nilianza barua hii nikitaka mizinga 24, nta, mkufunzi, gata, mabomba na fidia ya iliki. Nimeandika mpaka nimechoka kuhesabu. Nina ombi moja tu: njoo. Mkutano wa kijiji ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, palepale uwanjani. Simama uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba Mwalimu hakula. Kama hamna mizinga, njoo mikono mitupu. Kama mfadhili ameondoka, sema ameondoka. Njoo tu.

Na dereva akija, mwambie asiguse mzinga wa pili kutoka kushoto. Kuna mwingine ameatamia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mlezi, klabu ya mazingira
Amani, Muheza