Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Pili

Kutoka Afisi ya Mwalimu Mkuu, Mombasa

Kwa wazazi na walezi wote,

Salaam nyingi. Muhula wa pili umefika ukingoni. Ripoti za tathmini zimo ndani ya bahasha hii, na naomba zisomwe kurasa zote mbili kabla mtu hajanipigia simu. Mambo ya kila muhula, ya sare na basi na michezo, nitayataja huko chini kwa ufupi. Kuna jambo la kheri ambalo sitaki lipotee katikati ya hayo, na kuna la aibu ambalo pia sitaki lipotee.

La kheri kwanza.

Mnaukumbuka mkutano wetu wa mwanzo wa mwaka, niliposema kwamba kila mtoto kuanzia Gredi 4 hadi Gredi 9 atasoma walau kitabu kimoja kwa mwezi, nje ya vile vya darasani, na Alhamisi ya mwisho ya mwezi atakuja kukizungumzia mbele ya wenzake. Waliopiga makofi walikuwa wachache. Mzazi mmoja, naye ni mtu ninayemheshimu sana, alisimama akauliza kama hadithi zitamwongezea mtoto alama za hesabu. Siku ile sikubishana naye. Sasa namwalika aje Alhamisi moja akae mkekani asikize.

Alhamisi tuliichagua baada ya kushauriana na walimu wa madrasa, ili mtoto asivutwe huku na huku. Watoto hukaa chini ya mwarubaini, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Masharti si mengi. Taja kitabu na aliyekiandika, usitoboe mwisho wa hadithi, sema kilichokupendeza na kilichokuudhi, kisha ujibu maswali. Hapo kwenye maswali ndipo penye kazi, kwa sababu watoto hawaoneani haya.

Mei tulianza vibaya. Wengi walikuja na vitabu vyembamba kama daftari la deni, na kila aliyesimama alisema kitabu chake ni kizuri kwa sababu kina mafunzo. Mwalimu wa Kiswahili akapiga marufuku neno "mafunzo" mpaka mwisho wa muhula. Nimehudhuria semina nyingi katika kazi hii, na sidhani kuna iliyonifundisha zaidi ya uamuzi ule. Mtoto akinyimwa "mafunzo" hana budi kusema kitu.

Juni wakaanza kusema. Kijana wa Gredi 8 anayeishi Kongowea alichukua Siku Njema ya Ken Walibora kwa sababu aliona mhusika anaitwa Kongowea Mswahili, akadhani ni habari za sokoni kwao. Kumbe hadithi yaanzia Tanga, na huyo Kongowea avuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake. "Nilikasirika kurasa za mwanzo," alisema, "halafu nikasahau kukasirika." Alipotaja kwamba jina hasa la mhusika ni Msanifu Kombo, kikao kizima kilipiga kelele: hiyo si barabara ya hapa mjini? Ndiyo, na nusu yenu mwaipita kila siku. Tukaingia katika ubishi wa nani kaazima jina kwa nani. Kitabu kilitoka 1996, hilo tunalo. Ya barabara wamepewa kazi ya likizo wakawaulize wazee wa mji, kwa hiyo mkisumbuliwa nyumbani jueni chanzo ni mimi. Wadogo walihuzunika kusikia mwandishi alifariki 2020, kwa kuwa walishaanza kupanga barua ya kumwandikia.

Mwezi huohuo binti wa Gredi 6 alileta Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Akasimulia vizuri tu, kwamba Adili kila usiku awapiga mijeledi manyani wawili, nao ni ndugu zake waliogeuzwa. Mtoto wa Gredi 4 akanyanyua mkono: "Kama jina lake ni Adili, mbona apiga?" Akajibiwa kwamba ameamrishwa. "Na ukiamrishwa ndiyo si makosa?" Basi hapo hatukutoka. Walimu wawili waliingia upande huu, mmoja upande ule, kengele ya kwenda nyumbani ikalia na watu bado wako na Adili. Dereva wa basi alikuja kuulizia abiria wake, naye akabaki dakika kadhaa kutoa maoni. (Alikuwa upande wa manyani.)

Lakini siku niliyotamani mngekuwapo nyote ni ile ya Julai. Kuna kijana wa Gredi 7 ambaye tangu ajiunge nasi sauti yake tunaisikia wakati wa kuita majina tu. Alikuja na pakacha, akaliweka mkekani, akafungua Umbuji wa Mnazi, utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany uliochapishwa 1985, unaoueleza mnazi na manufaa yake. Akasoma beti alizochagua, na kila kitu kilipotajwa alitia mkono pakachani akakitoa: kumbi, kifuu, chelewa, kipande cha kuti, kamba ya makumbi iliyosokotwa. Bibi yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amesimama langoni akisikiza. Mara tukamwona yuko katikati ya mkeka. Mjukuu alikuwa ameruka hatua moja katika kuutaja ukuaji wa nazi, na bibi hakuweza kuvumilia. Akawapanga watoto wote waimbe pamoja naye: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Watoto hawa wanakunywa dafu kila Jumapili ufukweni Mama Ngina, na wengi wao koroma hawakuwahi kulisikia. Na yule kijana tangu siku hiyo amekuwa msemaji mpaka mwalimu wake wa darasa amenilalamikia. Malalamiko hayo nimeyapokea kwa furaha.

Siku hiyohiyo msichana wa Gredi 9 alizungumzia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa hii yetu. Aliwaeleza wenzake kwamba mashairi yale yaliandikwa gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni, katika kifungo cha miaka mitatu alichotiwa kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali, na kwamba diwani ilipotoka 1973 haikukaa sana ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Swali la kwanza lilitoka mbele, kwa wadogo: "Karatasi haikuchanika?" La pili lilitoka nyuma: serikali iliyomfunga na tuzo yenye jina la rais wa wakati ule, vyaingianaje? Msichana alifikiri, akasema atalijibu muhula ujao. Nimeliandika ili asisahau.

Kwa yule mzazi aliyeuliza kuhusu hesabu: mwalimu wa somo hilo, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, ameniambia watoto sasa wanalisoma swali mpaka mwisho kabla ya kuanza kukokotoa. Alama zimo kwenye ripoti. Linganisheni na za muhula wa kwanza.

Sasa la aibu, na hapa naomba msomaji akae vizuri.

Katika kikao hichohicho cha Julai, kabla ya pakacha, alisimama mtoto wa Gredi 5 akiwa na karatasi iliyopigwa chapa. Akasoma kwamba mwandishi "ametumia taswira maridhawa kumulika mikinzano ya kijamii." Akasimama wa pili, wa Gredi 6, na karatasi yake: taswira maridhawa, mikinzano ya kijamii. Alipofika wa tatu, watoto walishaikariri, wakawa wanamalizia naye kwa pamoja. Mtu akamuuliza mikinzano ni nini. Akasema anadhani ni mikanda. Kikao kiliangua kicheko, mtoto akalia, nikasimamisha. Tulipokusanya karatasi tukakuta ziko saba, neno kwa neno, hata kosa la tahajia katika mstari wa nne ni lilelile.

Nilidhani ni ujanja wa watoto. Nilipouliza nikaambiwa zilitoka saiba, duka la kompyuta, na waliozilipia ni wakubwa. Nyingine zilipita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mmoja akimpa mwenzake, na ujumbe chini yake: "Hii ndiyo ya kitabu, mpe akariri." Kitabu chenyewe hakuna hata mmoja kati ya saba aliyekuwa amekifungua. Vyote vilirudi maktabani visafi kama vilivyotoka, na hicho kwa shule hii ndicho kidokezo cha kwanza kwamba kitabu hakikusomwa.

Kisha, badala ya kuja kunitaka radhi, wazazi wawili walikuja afisini kunigombeza kwamba nimewaaibisha watoto wao. Mmoja aliniambia, "Nilitaka aonekane amesoma." Niliyanyamazia maneno hayo siku ile kwa heshima ya mgeni. Hapa nayajibu. Mtoto anayesimama akasema "Mwalimu, mwezi huu sikumaliza, niliishia ukurasa wa ishirini" hajapata aibu kwangu, na wapo waliosema hivyo wakapigiwa makofi. Aibu ni kumtia mtoto maneno ambayo hayajui, ukamsimamisha mbele ya watu mia na hamsini, wewe mwenyewe uko dukani. Tumekuwa tukiwalaumu watoto kwa wizi wa mitihani, na huku tunawafunza kuiba maoni juu ya hadithi! Maoni hayana alama. Hakuna aliyekuwa anawasahihisha. Kilichotakiwa ni asome kurasa kidogo kila usiku baada ya isha, aje aseme kimemchosha au hakikumchosha.

Basi kuanzia muhula wa tatu, hakuna karatasi mkekani. Asiyesoma atakaa asikize wenzake, hataulizwa neno. Wale saba watakisoma kitabu kile wakati wa likizo na ndio watakaofungua kikao cha kwanza. Wazazi wao wataniona siku ya kufungua shule, kila mmoja na mtoto wake, na mzazi naye awe amekisoma, kwa sababu nitamuuliza.

Nikiwa bado kwenye vitabu: vyetu ni vichache na vingi vimetoka kwa wahisani. Tumepokea vitabu vyenye vidole vyekundu vya mabuyu kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma. Hayo nayasamehe, ni dalili ya msomaji. Sisamehi kitabu kilichowekewa sufuria ya chai, wala kilichochanwa kurasa kufungia achari. Kilichopotea hulipwa kwa nakala ya kitabu kilekile. Pesa mkononi hatupokei.

Karo. Barua ya kila muhula ina aya hii na kila muhula huwa ndefu zaidi, na msilaumu mwandishi. Wapo wanaodaiwa tangu Januari. Mwisho wa mwezi napokea ujumbe, "Mwalimu nimetuma," karani anaangalia akaunti, hakuna kitu. Siku tatu baadaye, "mtandao ulisumbua." M-Pesa ina nambari ya muamala, aliyetuma kweli anayo. Mimi nina walimu wa kulipa, maji ya bauza ya kununua mifereji inapokauka, na basi lisilotembea kwa ahadi. Aliyefikwa na dhiki aje tukae tuzungumze, na wapo waliokuja tukapanga malipo kidogo kidogo, wanayatimiza, nawashukuru bila kuwataja. Wengine tunakutana harusini. Muhula huu nimealikwa kwingi, nimekula pilau ya watu, nimeona maua yaliyoshuka kutoka dari hadi sakafu na magari yaliyokodiwa kumleta bwana harusi kutoka mtaa wa pili. Mola awajaalie maharusi. Karo ya dada yake bwana harusi bado naisubiri. Sikuzuia ripoti ya mtoto yeyote, kwa sababu deni si lake. Lakini muhula wa tatu hataingia darasani mwenye deni la muhula wa kwanza ambaye mzazi wake hajaja kuniona. Kufungua shule si siku ya kuja kuanza mazungumzo, njooni wakati wa likizo. Afisi iko wazi Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi.

Mahudhurio: Jumatatu ndiyo siku ya wagonjwa, sijui kwa nini. Feri nayo imekuwa daktari wa kila udhuru. Nina walimu wanaovuka kutoka Likoni na saa moja kasorobo wako langoni, kwa feri hiyohiyo. Mtoto anayeishi mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni asinitajie feri tena.

Michezo: wasichana wetu wa mpira wa wavu walifika fainali za eneo. Hongera zao. Sare: soksi ni nyeupe. Basi: njia ni zilezile. Tarehe ya kufungua ni ya kalenda ya Wizara ya Elimu na imebandikwa langoni.

Vitabu vya likizo vitatolewa kesho katika dirisha la maktaba, viwili kwa kila mtoto, mzazi au mlezi akitia sahihi mwenyewe. Asitumwe dereva wa tuktuk.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Umbuji wa Mnazi tunayo nakala moja tu, na tangu kile kikao haijaonekana maktabani. Aliye nayo aimalize airudishe, kuna watoto kumi na mmoja kwenye orodha, na bibi mmoja.