"Wataalamu wameshauri": tuonyeshwe ushauri wenyewe

Mhariri,

Serikali ikishatangaza kwamba "wataalamu wameshauri", mjadala huzimwa. Ni wataalamu gani, waliulizwa swali gani, walijibu kwa uhakika kiasi gani? Hayo hayaandikwi.

Mwanasosholojia Thomas Gieryn alilichambua jambo hili mwaka 1983 kwa kumfuatilia John Tyndall, mwanafizikia wa Uingereza ya karne ya 19. Akibishana na watu wa dini, Tyndall aliisifu sayansi kwa manufaa yake ya vitendo. Akijitenga na mafundi mitambo, aliisifu kwa kutafuta maarifa bila kujali manufaa. Mtu ni yule yule, mpaka kati ya sayansi na isiyo sayansi ndio uliohama, na Gieryn alionyesha kwamba huhama panapotafutwa heshima, fedha au uhuru. Wanasiasa nao wanaujua mchezo huo.

Tazama GMO, yaani vyakula vya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo Novemba 2012, muda mfupi baada ya utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO, uliofanywa Ufaransa, kuzua hofu. Panya walikuwa 200, lakini waligawanywa katika makundi ya kumi kumi, tena wa aina inayoota uvimbe kwa wingi ikizeeka hata kwa chakula cha kawaida. Kundi dogo hivyo haliwezi kutenganisha athari ya chakula na sadfa. Jarida lililouchapisha liliuondoa utafiti huo Novemba 2013. Marufuku yakadumu hadi Oktoba 2022. Na hii ni nchi iliyokuwa na sheria ya usalama wa kibayolojia, inayosimamia GMO, tangu 2009! Kwa upande wa pili, wengi waliopinga kuondolewa kwa marufuku walikuwa wakiuliza nani atamiliki mbegu. Wakajibiwa kwamba chakula ni salama. Swali la umiliki halijibiwi maabarani.

Ndiyo maana waraka wa ushauri una uzito kuliko jina la profesa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Taja unachotaka: hadidu za rejea (maagizo waliyopewa wataalamu), orodha ya wajumbe na maslahi yao, ripoti ya mwisho. Ukiomba "kila kitu kuhusu GMO" utazungushwa. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ofisi inaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Kimya huhesabiwa kuwa kukataliwa. Hapo una siku 30 kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ipitie uamuzi. Usikimbilie kuomba waraka kabla serikali haijaamua, kwa kuwa ofisi inaweza kujitetea kwamba jambo halijaamuliwa.

Hata hivyo, raia hapaswi kuhangaika hivyo. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinaitaka taasisi ya umma ichapishe ukweli wote unaohusika inapotangaza uamuzi unaowagusa wananchi. Wizara zianze na ripoti za kamati zao.

Msomaji wa sosholojia ya sayansi,
Nairobi